Baiskeli Iliyovaa Khanga

Saa moja asubuhi Ponsiano Mrope ameshachutama mbele ya karai la maji, anauzungusha mpira wa baiskeli ndani yake akisaka pancha. Viputo vinapanda. "Hii hapa," anasema, anaibana kwa kidole na kunyoosha mkono kuchukua msasa.

Gereji yake hapa Misugusugu ni nguzo nne na makuti. Ana miaka arobaini na mmoja, mtu wa Masasi aliyekuja Pwani kukata mkonge akaishia kuziba pancha. Siku nzuri hupata shilingi sita. Mvua ikinyesha, anakwenda shambani kupalilia mihogo.

Kwenye nguzo ya mwisho imeegemezwa baiskeli nyeusi ya Kichina. Haina kufuli. Fremu ina kutu, keria imepinda. Ukimuuliza ya nani, anacheka.

"Yangu. Lakini usiisifie sana, nisije nikaanza tena."

Aanze nini? Kuiabudu, anasema bila aibu, na mikono haiachi kazi.

Aliinunua mwaka 1970 kwa korosho za misimu minne. Kama wenye baiskeli wengi, aliizungushia fremu nzima vipande vya nailoni ili rangi isichubuke. Yeye akaenda mbele zaidi. Aliilaza chumbani, juu ya mbao, akaifunika khanga.

"Khanga yenyewe yangu, mpya!" anadakia mkewe, Marselina, anayemenya mihogo mlangoni. "Mimi navaa kuukuu, baiskeli inavaa doti. Nilikuwa na mke mwenza humu ndani, mwandishi, andika hivyo hivyo."

Nimeandika.

Kisha ikaja masika ya 1974, miaka mitatu iliyopita. Saa nne asubuhi jirani yake, Kibwana, alifika mbio kuazima baiskeli. Mkewe, Mwanamvua, alikuwa na uchungu tangu alfajiri na mkunga ameshindwa. Hospitali iko Tumbi, na njia nzima ilikuwa tope.

"Nikalitazama lile tope," anasema Ponsiano. "Nikamwambia, haina upepo."

Fundi baiskeli, tena pampu inaning'inia nyuma ya kichwa chake! Kibwana aliitazama pampu, akamtazama yeye, akaondoka. Wanaume wanne walimbeba Mwanamvua kwenye kitanda cha kamba. Mama alipona. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa.

Ponsiano alikwenda msibani. Hakuna aliyemgombeza, na hilo, anasema, lilikuwa baya kuliko matusi.

Jumapili iliyofuata katekista Didas alisoma amri ya kwanza, akauliza nani ana sanamu nyumbani kwake. Kanisa zima likacheka. "Na mimi nikacheka," anasema Ponsiano. "Hirizi nilizitupa siku ya ubatizo, kwa mganga siendi. Nilidhani nimemaliza. Kisha nikakumbuka magoti. Kila Jumapili nilikuwa napiga magoti na kitambaa, nafuta spoku moja moja, mpaka nachelewa ibada."

Alirudi nyumbani akachukua kisu, akachana nailoni yote. Chini yake maji ya miaka minne yalikuwa yamejificha. Fremu aliyoilinda kuliko watoto wa watu ilikuwa imeliwa na kutu.

"Nililia," anasema. "Sikulilia baiskeli."

Tangu siku hiyo inalala nje. Mwenye mgonjwa anaichukua bila kuomba, na asiye na mgonjwa anaomba tu. Imekwishafika Mlandizi na magunia, na mara moja ilirudi haina kanyagio. Ponsiano alinuna siku mbili. "Ile tamaa inarudi, ndugu yangu. Jumamosi nikiiosha najikuta nataka kuiingiza ndani. Hapo naacha, naitafutia mtu wa kuipanda."

Sasa anaunda kigari cha magurudumu mawili cha kufungwa nyuma ya baiskeli, mgonjwa alale. Magurudumu anayo, bado bomba na kitambaa cha turubai. Anatumaini kitakuwa tayari kabla ya masika.

Tumaini lake jingine analisema kwa sauti ya chini. Kijiji kizima kimeipanda baiskeli hii, isipokuwa nyumba moja. Miaka mitatu Mwanamvua anapita hapa na mzigo kichwani, anasalimia, anakwenda zake. "Siwezi kumwomba aipande. Nasubiri."

Nilikuwa nafunga daftari mwanamke aliposimama mbele ya gereji, ametua gunia la mihogo mikavu chini. Marselina aliacha kumenya.

"Habari za asubuhi, fundi."

"Nzuri, shemeji Mwanamvua. Karibu."

Mwanamvua hakuketi. Aliitazama baiskeli, kisha pampu iliyoning'inia palepale pa siku zote.

"Nakwenda mashineni kusaga," alisema. "Leo ina upepo?"

Ponsiano akachukua pampu, akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza kujaza matairi yaliyokuwa yamejaa tayari.