Rundo la Jiwe Moja

Meno yangu mawili ya mbele yalibaki kwenye uwanja wa kinu changu, mtaa wa Bel-Air. Sijuti. Niliacha shule ningali mtoto, na leo hakuna mtu Lubumbashi anayesaga mawe kama mimi. Kinu nilikiunda mwenyewe kwa vyuma vya lori lililopinduka njia ya Kasumbalesa. Ndiyo maana profesa mmoja wa elimu ya mawe alipotafuta wa kumsagia jiwe lake, aliwapita wote akaja kwangu.

Jiwe lilitoka shimo moja la madini la Kambove, na shimo lenyewe lilikuwa limekwisha kubomoka. Jiwe lingine kama hilo halipo. Alinieleza hivi: mwenye mizani anahitaji kilo ya kweli ya kuisahihisha mizani yake. Mashine inayopima umri wa mawe nayo inahitaji chembe ambazo umri wake unajulikana. Chembe za jiwe hili ndizo zingekuwa hiyo kilo. Zikichanganyika na za jiwe lingine, mashine itadanganya juu ya umri wa kila mlima.

Nilisugua kinu, nikasaga, nikamwaga rundo juu ya turubai, nikaenda kunawa vumbi. Kurudi, namkuta shemeji, kaka wa mke wangu, amebeba gunia la mchanga wa shimo lingine, tayari limefunguliwa. Kwenye shaba tunafanya hivyo kila siku: rundo dhaifu, lenye madini kidogo, unalitia lenye nguvu.

"Shemeji, shusha hiyo!"

"Acha, weye. Hii yako haina hata rangi. Naitia nguvu."

"Haiko shaba! Iko jiwe ya kupimia umri!"

"Umri?" Akacheka. "Jiwe inazaliwaka? Mama yake ni nani?"

Akainamisha gunia.

Nilimpiga kichwa kifuani. Gunia likapasukia kwenye mguu wa kinu, hatua moja tu kutoka turubai. Aliinuka na sepetu, akanipiga nayo mdomoni. Damu ikajaa. Nilimkaba koo, nikambana kwenye chuma cha kinu, mkono wake umepindishwa nyuma, mpaka macho yakamtoka.

"Unaniua juu ya muchanga tu!"

"Ndiyo!" nikamwambia, na nilikuwa nasema kweli.

Mafundi wa gereji ya jirani walipotutenganisha, mkono wake ulikuwa umevunjika. Turubai lilikuwa safi: hakuna hata punje ya mchanga wake.

Profesa alizipima chembe zangu: zote umri mmoja. Sasa mawe mengine yanapimwa kwa hizo, kazi ya mikono hii.

Shemeji anakujaka kula kwetu Jumapili, mkono umepinda. Ananiuliza, "Mama ya ile jiwe iko muzima?" Watu wanacheka, nami nacheka na pengo langu. Lakini akisogeza tena gunia kwenye turubai langu, nitamvunja na ule mwingine.