Maji Matamu ya Bi Zuwena

Mwanangu, siku ile ya Qurayyat nnaikumbuka mpaka leo, na kila nkiikumbuka natamani nijipige kofi. Kaa usikie, na hiyo simu iweke chini. Iweke chini, nshasema!

Nlikuwa kijana, nimeajiriwa kupima maji ya visima vya kiwanda kimoja cha siki na asali ya tende. Kila miezi mitatu nkitoka Al Khuwair, mjini Maskati, kwenda Qurayyat kuchota: chupa ya plastiki ya kupimia chumvi, na kichupa cha kioo cha kupimia kemikali. Hicho cha kioo kero tupu. Ukijaze pomoni, kisiwe na hata kiputo kimoja cha hewa, kisha ukiweke kwenye barafu. Na jua la kwetu unalijua.

Kisima cha tatu kilikuwa mpakani mwa kiwanda, na jirani, Bi Zuwena, nyumba yake nzima ikinywa humo humo. Bibi huyo mzaliwa wa Unguja, kama mamangu. Siku hiyo akanijia, akanambia, "Mwanangu, maji haya siku hizi matamu."

"Alhamdulillahi!" nkamjibu. Khofu yetu sote pale ilikuwa chumvi ya bahari kuingia visimani, na kwetu sisi maji matamu ni maji yasiyo chumvi. Nsharidhika mie!

"Matamu, nakwambia. Hayakuwa hivi."

"Basi shukuru, Bi Zuwena."

Nkacheka. Nkajaza chupa ya chumvi, cha kioo nkakirudisha sandukuni kitupu, nkaandika "salama", nkawasha gari. Salama! Nani kanambia? Uvivu wangu tu.

Safari iliyofuata nlikwenda na mkubwa wangu wa kazi, Mzee Seif. Bi Zuwena hata usoni hakunitazama. Gilasi ya maji alimpa yeye, akamhadithia yote. Mzee Seif akainusa, uso ukambadilika. Maji yalikuwa na harufu tamu, kama ya dawa. Kumbe kiwandani wakisafisha mashine kwa kemikali ya kutolea grisi, na mabaki wakiyamwaga nyuma ya ghala. Kichupa cha kioo cha siku hiyo kikathibitisha, kisima kikafungwa.

"Mama huyu kakupa jibu mkononi," Mzee Seif akanambia, "weye ukamwambia ashukuru!"

Na mkwe wa Bi Zuwena alikuwa mja mzito. Miezi mitatu kayanywa, mie nimeandika salama. Daktari hakuweza kutuahidi kitu. Tukangoja, sili, silali. Mtoto akazaliwa mzima, namshukuru Mola, nkenda kumpongeza bibi yake. Akanambia, "Karibu. Lakini kila nlipolitazama tumbo lile, nlikuona weye." Nlikosa pa kuuficha uso.

Sasa weye nawe wapima maji, na jana nakusikia unajisifu kuwa maneno ya majirani huyaandiki, eti si ya kitaalamu. Lahaula! Utaalamu gani huo? Anayeyanywa maji kila siku akikwambia neno, muulize: vipi, tangu lini, yananukaje? Liandike alivyolisema yeye, si ulivyozoea kulisikia weye. Kila chupa uijaze, hata ukiona haina haja. Na usimwandikie mtu salama kwa kitu hukukipima.

Mola akupe subira ya kusikiliza, ailinde kalamu yako, na kila nyumba unayoiingia uweze kuirudia bila ya aibu. Amin. Haya, nenda kazini.