Aloys, Mutoto wa mu Gari

Muume wangu Aloys alizaliwa mu gari. Siyo mu taksi, siyo mu kamyo ya makala ya kupikia: mu Citroën DS nyeusi, viti vya ngozi, gari ya wakubwa. Akikunywa bia mbili za Primus atakuelezea. Akikunywa tatu atakuelezea tena. Kwetu Kadutu, hapa Bukavu, hakuna mutu asiyejua ile habari, hata kuku wanaijua.

Ilikuwa hivi. Mama yake alitoka Kavumu kwa miguu kuenda ku hospitali, uchungu ikamukamata mu njia. Watu wenye magari walipita, macho mbele. Mwenye alisimama ni muzee Aloys, mwenye farmasi, pamoja na muke wake maman Godelive. Walimupandisha mama ku kiti ya nyuma, na damu na yote. Mbele ya kufika Bukavu mutoto akatoka, maman Godelive akamupokea mu kitenge yake. Mama alipotaka kulipa, muzee alikataa, basi mutoto akapewa jina lake. Tangu hapo, mpaka muzee alikufa, kila bonane, siku ya mwaka mupya, Aloys wangu alikuwa anaenda kwa muzee kule Muhumba na nanasi kubwa, anaosha ile gari kwa mikono yake, anarudi nyumbani anaimba. Yeye ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mutu wa moshi na makelele, lakini ile siku anakuwa mutoto.

Hiyo nilikuwa naivumilia. Lakini mwaka huu, kisha matanga ya muzee, maman Godelive akamuita. "Muzee aliacha neno," akamwambia. "Gari ikitoka mu hii nyumba, mutu wa kwanza kuulizwa ni wewe. Utatoa bei yenye uko nayo." Aloys akarudi nyumbani, hakula. Mutu mwenye anakulaka fufu sawa vile kesho hakuna! Akakaa ku kitanda akasema, "Adolphine, ile pesa ya Noah..."

"Pesa gani?" nikamuuliza. "Rudilia nisikie muzuri."

Mujue kwamba mimi nauzisha mananasi ya kisiwa ya Idjwi. Boti inafika, napandisha mulima na mizigo ku mugongo, kamba ku paji ya uso. Tulikuwa tunaweka kidogo kidogo tununue gari ya Noah ya kubeba mizigo, na mimi mugongo upumuzike. Sasa bwana anataka kuniletea DS! Mu Bukavu muzima imebakia hiyo moja. Ikivunjika, vipande vyake vitatoka wapi, mbinguni? Na barabara ya kwetu munaijua. Noah yenyewe inalia, ile malkia ingefanya nini mu matope? Nikamwambia: tamaa mbele, mauti nyuma. Akanijibu, "Siyo tamaa, Adolphine. Ni shukrani." Hapo nikakasirika zaidi, juu mutu akishasema shukrani, utamupiganisha na nini? Tukalala kila mutu na ukuta yake.

Asubui tukaenda Muhumba pamoja. Mimi nilienda ili nikatae mbele ya watu, hata kitenge nilivaa ya vita. Maman Godelive alitupokea muzuri sana. Akatumiminia chai, nusu ikaingia mu kikombe, nusu ku meza. Nikapanguza, sikufikiri kitu. Uzee ni uzee.

Tukaenda ku garaji, Aloys akaingia mu gari akawasha. Ile gari ilikuwa imelala, tumbo chini kabisa, juu DS ikizimwa inashuka, ikiwashwa inajiinua yenyewe. Eh! Ikaamuka nyuma kwanza, kisha mbele, pole pole, sawa ng'ombe inaamuka asubui. Mimi ni mutoto wa Walungu, baba yangu alichunga. Moyo ikaniruka. "Yesu Maria," nikasema, "iko hai!" Aloys akacheka mpaka machozi.

Maman Godelive akafungua mulango ya nyuma, akapapasa kiti. Kulikuwa doa kubwa, ngozi imekauka hapo na kukunjamana. "Fundi alitaka kubadilisha hii kiti," akasema. "Muzee akamufukuza. Akamwambia: hapa mutu aliingilia mu dunia, usiguse. Sisi hatukupata mutoto, Adolphine. Hii njo kitu tulikuwa nayo."

Nilikuja na maneno mingi. Niliangalia ile doa nikafikiri: kama hawa wawili na wao wangepita macho mbele, mimi ningeolewa na nani? Watoto wangu ine wangetoka wapi? Nikasikia mudomo yangu inasema, "Tunainunua."

Aloys akanitazama sawa mutu mwenye ameona padiri anaiba. "Kweli?"

"Noah itangoja. Mugongo umeshazoea."

Hapo telefone ya maman ikalia. Akaigeuza-geuza karibu na uso, kisha akaninyooshea. "Nifinyie, mutoto wangu, uweke sauti kubwa. Sioni tena fasi ya kufinya." Nikafinya. Alikuwa Bulonza, komisioneri mwenye kutafutia watu wanunuzi.

"Maman, ule muzungu wa Kigali amekubali! Mara ine ya ile yenye Aloys anaweza kutoa. Na munganga wa macho anakungoja. Jicho ya kuume imeshakufa, ya kushoto inafuata, alikuambia mwenyewe. Bila hii pesa hakuna operasyo. Unangoja nini, maman?"

"Bulonza, niko na wageni," akasema haraka. "Kata, Adolphine."

Nikakata. Aloys akazima gari. Haya ilinikamata: nilipanguza chai yake ku meza kwa macho yangu mazima, na sikuona kitu.

"Maman," Aloys akauliza, "ulijua hii bei wakati uliniita?"

"Neno ya muzee ni neno," akajibu. "Mimi nimeshaona vya kutosha mu hii dunia. Toa ile uko nayo, uchukue gari yako."

Aloys alibakia mu gari, mikono ku usukani, anauma mudomo. Namujua. Anauma mudomo akitaka kitu mpaka inamuumiza. Kusema kweli, niliogopa. Niliogopa atasema ndiyo, na mimi njo nilikuwa nimemufungulia mulango.

Akatoka. Akaweka funguo mu kiganja ya maman, akamufunga vidole juu yake.

"Siku ile mulimubeba mama yangu, mulimuuliza bei?"

"Hapana."

"Muliogopea kiti?"

"Hapana. Lakini Aloys, muzee alisema..."

"Muzee alisema niulizwe wa kwanza. Nimeulizwa, na nimejibu: hapana. Hii gari ilishanipa yote yenye ilikuwa nayo ya kunipa, maman. Sasa ikupe na wewe macho. Uuze. Ku munganga nitakupeleka mimi mwenyewe."

Maman Godelive akalia. Akawa anasema aksanti kwa luga yetu ya Mashi, koko, koko, sawa vile yeye njo alikuwa ameokotwa mu njia siku ile. Aloys hakujua afanye nini na mikono yake, akaanza kupanguza vioo vya gari vyenye vilikuwa safi.

Tukarudi kwa miguu. Hakugeuka kuangalia nyuma, na ule mulima ni murefu. Mimi nilikuwa namushukuru Mungu mu roho. Nilimushukuru juu ya muzee Aloys, juu ya kitenge ya maman Godelive, juu ya ile barabara ya Kavumu, na juu ya huyu mutu wa kelele mwenye nilitukana usiku muzima. Pale ku soko ya Nyawera, mbele ya watu wote, nikamushika mukono. Sikufanyaka vile tangu arusi.

Akashituka. "Adolphine, uko mugonjwa?"

"Tembea," nikamwambia.