Majani ya Ngoro

Mwalimu mstaafu wa Mkumbi alijibu maswali yangu yote ya kupima kumbukumbu. Alitaja tarehe, akachora saa, akahesabu kurudi nyuma bila kusita. Nikamwambia mkewe kwamba mzee hana tatizo.

“Daktari, njoo shambani,” mkewe alisema.

Kwenye shamba la ngoro, yaani mashimo tunayolima mlimani sisi Wamatengo, mwanaume hupanga majani kwa miraba, kisha mwanamke huchimba katikati na kuyafukia. Mzee alikuwa ameyatandaza kama mkeka, bila kuacha nafasi ya shimo hata moja.

“Nimechimba nyuma yake tangu nilipoolewa,” mama alisema. “Leo sijui nianzie wapi.”

Karatasi yangu ilikuwa mtihani, na mwalimu hashindwi mtihani. Siku hizi, kabla ya kumpima mzee yeyote, namuuliza kwanza anayechimba nyuma yake.