Sahani ya Mama Kule Ziwani Turkana

Baba alikuwa fundi wa turubai Gikomba, Nairobi. Miaka nenda miaka rudi alishona mahema ya kampuni za watalii, akayapakia kwenye magari ya watu, na hakuwahi kulala ndani ya hata moja. Kinyozi hajinyoi. Halafu mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, akaanza kuleta mabaki ya vitambaa nyumbani, na kila jioni akawa anayaunganisha kwenye ukumbi wa nyumba yetu Majengo, wapangaji wenzetu wakimruka. Kijani hapa, kaki pale, na mbele, juu ya mlango, kiraka cha buluu ambacho mama alisema ni kitambaa cha kufutia kamasi.

Mjomba, kaka yake mama, aliendesha lori lililopeleka unga na mafuta ya taa kwa wafanyakazi wa mbuga ya wanyama iliyo kaskazini kabisa, ufukweni mwa Ziwa Turkana. Wazee wa mtaa bado waliliita Rudolf. Baba aliwahi kumsindikiza mara moja, na tangu hapo alikuwa na hamu moja tu, mama alione lile ziwa. Alimsimulia rangi yake, akamsimulia ndege wake. Mama alikuwa akichambua mchele.

"Watu wazima na nyumba yetu, tukalale kwenye kitambaa?" akauliza. "Na jirani huko ni nani? Fisi?"

Hapo ndipo penye tatizo. Mama alizaliwa Majengo, akaolewa Majengo, na hakuwahi kulala mahali asiposikia mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta. Mwishowe alikubali kwa sharti. Lori lingetufikisha, lilale nasi usiku mmoja, lirudi asubuhi. Akipapenda, tungebaki mpaka mjomba atufuate wiki inayofuata. Asipopapenda, angepanda lori asubuhi hiyo hiyo pamoja na wanawe, na baba abaki na hema lake. Baba akasema sawa, ila mimi nilimjua baba. Alikuwa na hofu.

Tulikuwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mama alipakia jiko, makaa, birika, mikeka, nazi na kibao cha kuzikunia, na sahani zake zenye maua ambazo hata Idi hazikutoka kabatini hivi hivi. Mjomba akamwuliza kama kitanda amekisahau. Akajibu kwamba hakukisahau, ni lori ndilo dogo.

Tulifika alasiri, tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Ziwa lilikuwa kijani kweli, baba hakudanganya, na upande wa pili hauonekani. Ndege aina ya heroe walisimama majini kwa mguu mmoja mmoja. Nilifurahi sana. Mama alitazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta paa la nyumba. Hakuliona. Akajifunga leso kiunoni, akaliwasha jiko nyuma ya lori, kwa sababu upepo wa huko hauna adabu.

Kwetu sahani ya kwanza kupakuliwa si yako. Inafunikwa, mtoto anaitwa, inapelekwa kwa jirani. Na humngojei akurudishie papo hapo. Itarudi yenyewe siku jirani atakapokuwa na chake, wala hairudi tupu. Kazi hiyo nilikuwa nayo tangu nilipoweza kutembea bila kumwaga mchuzi. Basi jioni ile mama akapakua wali wa nazi na maharagwe, akafunika kwa kawa, akaifunga sahani kwa leso isipeperushwe, akaniita.

"Peleka kwa…" akaanza kusema.

Akabaki amesimama na sahani mkononi, akiutazama mchanga. Mdogo wangu akacheka, baba akamfinya. Nilimwonea mama huruma kiasi cha kutaka kulia. Ndipo baba akaonyesha kwa kidole moshi mwembamba, mbali ufukweni.

"Jirani yule pale," akasema.

Mjomba akanisindikiza kwa ajili ya mamba. Moshi ulikuwa wa nyumba ya mabati ya askari wa mbuga, na mkewe, mama mmoja kutoka upande wa Kakamega, alikuwa nje amembeba mtoto mgongoni. Nikasema kama nilivyofunzwa.

"Shikamoo. Mama anawasalimu, anasema karibuni chakula."

"Mama yupi?"

"Jirani yenu."

Alifunua kawa, akautazama ule wali, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Alisema tangu mumewe amlete huku hajawahi kuitwa jirani na mtu.

"Sahani iko wapi?" mama aliniuliza niliporudi.

"Imebaki huko."

"Vizuri," akasema.

Usiku kucha upepo ulilipiga hema. Halikung'oka, lakini aliyelala ni mdogo wangu peke yake. Kulipokucha mama alikuwa anafunga mafurushi, mchanga mpaka kwenye meno. Mjomba akawasha lori. Baba aliketi juu ya jiwe, kofia mkononi, akiikunja na kuikunjua. Nilimkasirikia mama sana asubuhi ile.

"Hodi hapa!"

Mama aliganda, fundo la furushi mkononi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu!" mama akaitikia kabla hajawaza.

Mke wa askari akainama chini ya kile kiraka cha buluu, mtoto mgongoni, sahani yetu mkononi, imejaa samaki wa kukaanga. Mama akalifungua furushi lile lile, akatoa mkeka wake mzuri, akautandika. "Pita ndani, dada. Pole na upepo." Ndani, alisema. Wakaanza na bei ya sukari Nairobi, wakaenda kwa meno ya mtoto, na walikuwa bado hawajafika kwa waume zao mjomba alipopiga honi. Akapiga tena. Mama akatoa kichwa nje ya hema.

"Kaka, honi ya nini? Huoni nina mgeni?"

Baba akavaa kofia. Lori likaondoka bila sisi.

Wiki ile sijapata nyingine mfano wake. Asubuhi nilipeleka mahamri, jioni tukaletewa samaki, na katikati tulioga ukingoni, askari akitulinda dhidi ya mamba kwa bunduki na matusi. Chai ilikuwa na chumvi ya ziwa na tuliinywa hivyo hivyo. Baba alilizunguka hema lake mara kwa mara, akivuta kamba ambazo hazikulegea. Mama, alipomwona, alimwambia kwamba kile kiraka si kibaya.

Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa tayari juu ya lori, mama akanipa sahani ya wali iliyofunikwa.

"Mama, hii haitarudi," nikamwambia. "Tunakwenda."

"Peleka."

Kabatini kwetu Majengo pakabaki pengo. Na shule zilipokaribia kufungwa tena, baba hakuthubutu kutaja ziwa. Ni mama aliyemwekea mjomba chai mbele yake, akamwuliza lori lake linakwenda kaskazini lini.

"Sahani yangu iko kwa jirani," akasema. "Nataka kujua amenitilia nini."