Kasi Niliyoizidisha Vibaya

Ile siku ya Novemba ukuta wa mto wetu ulipozidiwa na maji, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa injinia mpya, nimejaa digrii hadi masikioni. Kina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi hapa Matinyani, mamangu akiwa mbele, walikuwa wamebeba mawe msimu mzima tujenge ukuta wa kukinga mchanga, maana mchanga ndio unaotuwekea maji wakati wa kiangazi. Mamangu alitaka kitu kimoja tu: kuchota maji karibu na nyumba kabla miguu haijamwishia nguvu.

Nilikuwa nimetengeneza mfano wa mto, mdogo mara ishirini na tano, nikaumiminia maji hadi yakazunguka ncha ya ukuta. Kasi ile nikaizidisha kwa ishirini na tano, nikasema mto wetu hauwezi kukimbia hivyo, basi ukuta uko salama. Mvua ya kwanza ikala ukingo, ukuta ukabaki peke yake katikati.

Mwalimu wangu wa zamani, Mzee Musyoka, alikuja kutoka mji wa Wote, akasoma daftari langu amesimama.

“Hii ishirini na tano umetoa wapi?”

“Si mto ni kubwa mara hiyo, Mwalimu?”

“Urefu, sawa. Na kasi, nani alikuambia inafuata urefu? Ulikuwa unakimbilia wapi?”

Akanichorea mchangani. Chukua kasi mara kasi, gawanya kwa kina cha maji mara mvuto wa dunia. Mita zinakatana na mita, sekunde na sekunde, inabaki namba tupu isiyo na kipimo chochote. Namba hiyo ndiyo lazima ilingane, mtoni na kwenye mfano. Kwa hiyo urefu ukizidi mara ishirini na tano, kasi huzidi mara tano tu. Na kasi hiyo mto wetu huifikia kila msimu wa mvua.

Mamangu hakunilaumu. “Si tutabeba tena,” alisema. Ukuta wa pili ulisimama mwaka uliofuata, tukiwa tumeshamzika. Leo maji yapo hapo chini, matamu, na kila nikiona wanawake wakichota, namtafuta kati yao. Natamani, mwanangu, nimwone akijaza mtungi wake hata mara moja.

Haraka haraka haina baraka, na kuuliza si ujinga. Kabla hujazidisha chochote, panga vipimo vyako, uone vinavyokatana na kinachobaki. Kisha mwonyeshe aliyekutangulia, hata uwe na digrii tatu. Hesabu yangu niliisahihisha kwa kalamu, jioni moja tu; mwaka ule uliopotea mamangu hakuwa nao wa kungoja. Mungu akupe mkono usio na pupa, na wazazi wako wakae hadi wayanywe maji utakayowaletea.