Kilomita Saba kwa Lita

Miaka ile ya uhaba wa mafuta nilikuwa dereva wa Landrova ya serikali mjini Shinyanga. Ukaja waraka: kila gari la aina yetu liende kilomita saba kwa lita. Langu lilikuwa likienda tano, na kwenye tope la mbuga hata tano hazikufika. Nikaitwa ofisini.

"Mafuta unamuuzia nani?" aliniuliza ofisa usafirishaji, kijana mgeni kutoka Dar es Salaam.

"Simuuzii mtu, ndugu. Ni barabara."

"Basi kesho twende wote Runzewe. Utajaziwa kwa kipimo cha waraka."

Wakati ule mtu akikutwa na mafuta asiyoweza kuyaeleza, alifungwa. Nami nilikuwa nayo: dumu la lita kumi chini ya kiti cha nyuma, nililolijaza kidogo kidogo kwa kubana matumizi, maana niliwahi kuishiwa porini nikiwa na mgonjwa. Asubuhi niliwahi ili nilitoe. Nikamkuta ofisa amekwisha kaa garini.

Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipoipita Kahama tulikwenda kwa gia ya pili, matairi yakichimba. Mshale wa mafuta ukawa unashuka. Yeye aliukodolea macho. Mimi niliyakaza macho barabarani. Saa nane mchana, katikati ya pori, injini ikakohoa, ikazima.

Kitu kizito kikavunja matawi ng'ambo ya barabara. Ofisa akapandisha kioo upesi.

"Gari jingine hupita hapa saa ngapi?"

"Huenda kesho. Huenda keshokutwa."

Akaanza kuhema kama aliyekimbizwa. Nikawaza jela, nikawaza wanangu, nikawaza simba. Mwisho nikainua kiti, nikalitoa dumu.

Alilitazama, kisha akanitazama. "Unalo tangu lini?"

"Tangu masika yaliyopita."

Akatupia jicho porini. "Mimina," akasema.

Tulifika Runzewe giza likiingia.

Wiki tatu nilisubiri polisi. Mtu akibisha hodi, mke wangu ndiye aliyefungua. Mimi nilikuwa uani. Mwishowe ikaja barua yenye sahihi ya ofisa: magari ya njia ile yahesabiwe kilomita nne kwa lita wakati wa mvua. Dumu halikutajwa.

Nilipokutana na ofisa koridoni nilimsalimu. Aliitika akitazama chini, akapita haraka. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye, aliyesafiri kwa mafuta ya dumu lile, alikuwa akiniogopa.